Mteja wa Kwanza wa Shiferaw Demissew

Kwa miaka kumi na tisa Shiferaw Demissew alikata nyama katika bucha ya mtu mwingine, kando ya kituo cha mafuta cha Weynamba, na katika muda huo wote hakuna aliyemtaka aeleze maono yake. Mteja aliingia, Shiferaw akamtazama mara moja, akajua kama anataka mbavu za kula mbichi na pilipili au paja la kupeleka nyumbani. Kisu kikashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake, na Weynamba nzima, mji wa baridi kali na moshi wa mikaratusi, iliiheshimu.

Mambo yaliharibika pale mwenye bucha alipomleta mkwewe, kijana ambaye hakuwa na uhakika bega la ng'ombe linaishia wapi, akamkabidhi kisu kikubwa na kumwambia Shiferaw awe anamsaidia. Shiferaw alisaidia kwa wiki mbili. Baada ya sikukuu ya Msalaba, Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka wao, ukiwa unakwisha, alivua aproni, akaikunja, akaiacha juu ya mizani. Alimwambia mkewe, Askale, kwamba kabla ya Pasaka atakuwa na bucha yake mwenyewe. Askale alimwuliza itakuwaje isipowezekana. Alijibu kwamba isipowezekana atarudi kumshikia mkwe yule taulo. Pasaka ndiyo siku moja ambayo bucha huuza nyama nyingi kuliko miezi miwili. Atakayeikosa hana haja ya kufungua mlango mwaka huo.

Mjini palikuwa na ofisi ya kuinua biashara ndogo. Ukutani kwake kulibandikwa hatua za kuanzisha biashara, tisa, kila moja na mshale wa kijani unaoelekea inayofuata. Shiferaw alisimama mbele ya bango lile akiwa amevua kofia. Baadaye alikuja kutambua kwamba mshale wa hatua ya sita ulielekea hatua ya nne, na kwamba hilo halikuwa kosa la mchoraji.

Hatua ya kwanza ilikuwa mafunzo ya siku tano, chai na mkate vikiwemo. Waliohudhuria walikuwa ishirini na wawili. Mmoja alikuwa mama aliyekuwa ameuza injera, mkate mwembamba wa kila siku, kwa miaka thelathini, ambaye Jumanne mchana alijulishwa kwamba bado hajaanza. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti ya kubana, aliyetoka chuoni moja kwa moja na ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, hajawahi kuuza hata kiberiti. Aliwafundisha kwamba mteja anunuaye bidhaa ananunua hisia. Aliwafundisha pia jambo ambalo Shiferaw aliliandika kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili: mjue mteja wako kwa jina lake kamili. Siku ya nne kila mtu alitakiwa kuandika maono yake ya miaka kumi. Shiferaw alitafakari kwa saa nzima, kisha akaandika: kukata nyama.

"Ni hayo tu, Gashe?" mkufunzi aliuliza, kwa heshima anayopewa mkubwa.

Shiferaw aliichukua karatasi akaongeza: nzuri.

Alitunukiwa cheti. Kilifuata mpango wa biashara wa kurasa kumi na mbili, ambamo mwandishi wa kukodiwa alikadiria kwamba bucha itauza kiasi kilekile cha nyama kila siku ya mwaka, Jumatano na Ijumaa zikiwemo, siku ambazo Weynamba haigusi hata siagi. Ofisi iliusifu mpango ule kwa ulinganifu wake. Ikafuata barua ya kata inayothibitisha kwamba Shiferaw anaishi mahali alipozaliwa. Ikafuata namba ya mlipa kodi na alama za vidole kumi, ambazo mashine ilizikataa mara tatu, kwa kuwa visu vya miaka kumi na tisa vilikuwa vimezila. Ili apewe kibali cha afya ilibidi awe na chumba chenye vigae hadi juu ya kichwa. Ili apangishwe chumba ilibidi aonyeshe kibali. Mwenye chumba alikuwa binamu ya Askale, na mshale ule ukavukwa kwa njia ambayo haikuandikwa kwenye bango. Faili lake, la rangi ya kijani, lilifikia karatasi thelathini na tisa.

Aliyelishika faili hilo alikuwa Ato, yaani Bwana, Wubishet Anteneh, ofisa wa ukaguzi, mtu mwembamba, msafi wa kola, ambaye hakuwahi kula rushwa wala kusahau kiambatisho. Watu kama yeye ni wa kuogopwa. Mla rushwa hushiba, Wubishet hakushiba. Kanisani alikuwa mshika mwavuli wa heshima siku za maandamano ya sikukuu, na mfungo wake ulijulikana mjini kama saa ya mnara inavyojulikana.

Alhamisi moja ya Yekatit, mwezi wa sita, leseni ilikuwa mezani, imeandikwa, bado tarehe. Wubishet alishika kalamu akauliza kama aiandike leo, au Gashe angependa kupita siku nyingine. Shiferaw alikuwa amepita siku nyingine kwa miezi mitano. Aliiona fomu mpya ikizaliwa kesho. Tena wiki ile bucha zote za mji zilikuwa zimefurika. Watu walikula nyama asubuhi, mchana na jioni, wakisukumana kama waliosikia kwamba ng'ombe wanahama nchi. Alisema leo.

Alifika nyumbani ameishika leseni kwa mikono miwili. Askale aliisoma yote, mbele na nyuma, kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma nyuma ya karatasi.

"Hapa wameandika biashara isipoanza kuuza ndani ya siku thelathini, leseni inafutwa," alisema.

"Tutaanza kesho."

"Kesho Ijumaa. Na Jumatatu, mume wangu, ni nini?"

Shiferaw alikaa chini. Jumatatu ulikuwa unaanza Mfungo Mkuu. Siku hamsini na tano bila nyama, maziwa wala yai. Ndiyo maana watu walikuwa wakisukumana. Mtu aliyefunga bucha kila Mfungo kwa miaka kumi na tisa, aliyeujua ujio wake kuliko mashemasi, alikuwa ameomba kwa mdomo wake mwenyewe apewe siku thelathini ambazo karibu zote ziko tumboni mwa Mfungo.

"Jumamosi na Jumapili zipo," alisema kwa unyonge.

Hazikuwepo. Hakuna kuuza bila mashine ya risiti, na mashine ya risiti iliombwa kwa leseni, na huchukua wiki tatu. Kesho yake alirudi ofisini kuomba tarehe isogezwe. Wubishet alimweleza kwa upole kwamba tarehe iliyoandikwa ni kama mtoto aliyezaliwa. Shiferaw aliuliza kama anaweza kwa sasa kuuza mchuzi wa dengu. Anaweza kabisa, aliambiwa, ila ni aina nyingine ya biashara, itaanza na mafunzo ya siku tano. Aliuliza kama waliotunga kanuni hii hawafungi. Wubishet alisema wanafunga wote, ila kanuni haina dini.

Alikwenda pia kwa padri wake wa kitubio. Padri alimwambia kwamba kuuza si kula, kisha akauliza ni nani hasa anayetarajiwa kununua. Hilo ndilo lilikuwa swali. Wiki tatu Shiferaw alisugua vigae vilivyokuwa safi. Wanawake waliouza nafaka za kukaanga nje ya mlango wake waligeuza bucha ile kuwa burudani. Kila asubuhi mmoja wao alipenyeza kichwa na kuuliza kama nyama ya leo ni ya ng'ombe au ya malaika.

Mashine ilifika siku ya ishirini na nne ya leseni. Machinjio ya mji yalifunguliwa Jumanne tu wakati wa Mfungo, kwa ajili ya wagonjwa, na Shiferaw alimsihi msimamizi hadi akapata paja moja la kondoo lenye muhuri wa zambarau. Alilitundika katikati ya kulabu kumi na mbili. Likaning'inia pale peke yake kama mwanafunzi aliyefika shuleni siku ya likizo.

Jumatano, siku ya ishirini na nane, Wubishet alikuja kukagua akiwa na faili la kijani na fomu ya visanduku kumi na tatu. Alipima vigae kwa kamba. Alisoma muhuri. Alitia alama ya vyema kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha kumi, na kwa muda Shiferaw alisahau kuogopa. Kisanduku cha kumi na moja kilitaka risiti ya mauzo ya kwanza, yenye jina la mnunuzi.

"Hajaja mtu," Shiferaw alisema. "Unajua kwa nini hajaja."

Wubishet alijua. Alisema kwamba, ikiwa hivyo, hana budi kuandika kuwa biashara haikuanza. Hakuifurahia kazi hiyo. Robo ile ya mwaka ofisi ilikuwa imeahidi mkoani biashara mpya kumi na mbili, nayo ilikuwa na kumi na moja, ukihesabu na ya mama wa injera. Shiferaw alijitolea kununua mwenyewe; mwuzaji hawezi kuwa mnunuzi. Alimtaja mkewe, mke ni upande wa mwuzaji. Wubishet alifungua kalamu. Shiferaw aliitazama ncha yake akaona taulo la mkwe yule.

Askale alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua dengu, na hakuinua kichwa.

"Ato Wubishet, wewe ni upande wa nani?"

"Mimi sina upande, dada."

"Basi nunua wewe."

Wubishet alitabasamu, kama mtu aliyesikia mzaha, akamtazama, akaona si mzaha. "Mimi nimefunga," alisema. "Na leo Jumatano."

"Nisomee kisanduku. Kimesema ununue au kimesema ule?"

Wubishet aliisoma fomu. Aliisoma tena, akiifuata kwa kidole. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya maneno yaliyoandikwa, hapakuwa na mlango wa kutokea. Aliangalia nje. Aliangalia paja.

"Robo kilo," alisema kwa sauti ya chini. "Na usiandike jina. Andika mteja."

Shiferaw alikuwa ameshafika kwenye mashine. "Ningependa, bwana mkubwa," alisema, "lakini tulifundishwa pale ofisini kwenu. Mjue mteja wako kwa jina lake kamili." Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akitamka kila moja: Wubishet Anteneh. Mashine ilikohoa, ikatoa risiti, na juu yake tarehe, iliyokuwa siku ya ishirini na nne ya Mfungo Mkuu. Nakala ikaenda kwenye faili, nyuma ya nakala ya leseni. Ilikuwa karatasi ya arobaini na moja.

Wubishet alitaka kuiacha nyama pale juu ya meza. Askale alimwomba asome kisanduku cha kumi na mbili. Kilisema: mnunuzi ameondoka na bidhaa.

Basi Ato Wubishet Anteneh, mshika mwavuli, alitoka katika bucha ya Shiferaw saa nne na nusu asubuhi. Kifurushi alikuwa amekificha ndani ya faili la kijani, na faili amelibana kwapani. Gazeti la kufungia lilikuwa jembamba. Alipofika kwa wauza nafaka doa lilikuwa limeshatokeza kwenye jalada, na mbwa wawili wa mtaa waliinuka, wakajinyoosha, wakamfuata kwa adabu. Wanawake walimwacha apite hatua tatu.

"Ato Wubishet," mmoja aliita, "Pasaka ya kwenu mwaka huu imewahi?"

Wubishet alitembea kwa haraka ambayo si mbio, na mbwa nao vivyo hivyo. Kwenye kona wa tatu akajiunga.

Leseni ilithibitishwa Ijumaa. Usiku wa Pasaka kanisa lilipotoka, watu hawakulala. Kulipopambazuka foleni ilitoka mlango wa bucha mpya ikapita wauza nafaka hadi kituo cha mafuta, ambako mkwe yule alikuwa akimkata fahali kwa njia isiyo rahisi kuielezea. Kulabu zote kumi na mbili zilijaa. Shiferaw hakumwuliza mtu anataka nini.

Wubishet alikuwamo kwenye foleni, kola safi, amekonda zaidi kwa siku hamsini na tano alizofunga bila kasoro, jambo ambalo sasa alilazimika kulieleza kila aendako. Zamu yake ilipofika aliinua macho. Ukutani, kando ya leseni, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na risiti. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wakiisoma kwa sauti, tarehe kwanza.

"Gashe," alisema, akiinama juu ya meza, "ile pale. Huwezi kuiondoa?"

"Nilitaka kuiondoa wiki iliyopita," Shiferaw alisema, huku kisu kikiendelea. "Askale akasoma nyuma ya leseni. Uthibitisho wa kuanza biashara utundikwe mahali wateja wanapoona, mwaka mzima. Ukija kukagua usipouona, utanifungia."

Wubishet alifumba macho kidogo. Maneno yale aliyajua. Ndiye aliyeyapiga chapa.

"Ndivyo," alisema.

Shiferaw alimkatia mbavu, zile za karibu na mfupa, alizokuwa amezitenga tangu alfajiri, kwa sababu mteja wa kwanza ni mteja wa kwanza. Akazifunga kwenye magazeti manne. Kisha akauliza, kwa sauti iliyofika mlangoni, kama jina kwenye risiti ni lilelile.