Fundi simu wa Isevya aliyechomoa waya mara mia mbili

Saa tatu asubuhi, Najiat Lukumani anainama chini ya meza ya kibanda chake, anaushika waya wa kompyuta na kuuchomoa ukutani. Kioo kinazima. Anahesabu hadi kumi, anauchomeka tena, anawasha mashine, anasubiri, anatazama. Kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza anaandika kwa kalamu nyekundu: "113, tupu."

Mtu mwingine angelia. Najiat anachekelea.

Tatu, muuza vitenge wa kibanda cha pili, anachungulia mlangoni, mkono kiunoni. "Najiati, hivi hiyo kazi haiishi tu? Tangu juzi unachomoa na kuchomeka."

"Bado themanini na saba, dada Tatu."

"Themanini na saba! Haya, Mungu akuponye," anasema Tatu, na kurudi kwa wateja wake.

Najiat hajarukwa na akili. Anaifukuzia kasoro ambayo haijitokezi ila umeme ukatike ghafla wakati kompyuta inahifadhi faili. Kwa kuwa hawezi kuwakatia umeme watu wa Tabora nzima kwa shughuli zake, ingawa wapo watakaosema unakatika wenyewe vya kutosha, anajikatia wa kwake.

Ana umri wa miaka 29. Riziki yake ni simu: anabadilisha vioo, anatengeneza sehemu za kuchajia, anakausha zilizotumbukia majini. Siku njema huondoka na shilingi 20,000, siku ya mvua nusu yake. Kazi hii ya waya hailipwi hata senti moja. Badala yake inamlia bando la shilingi 2,000 kila siku.

Ufundi ameurithi kwa baba yake, mzee Lukumani, aliyetengeneza redio Isevya kwa miaka arobaini na sasa, macho yakiwa yamechoka, hukaa kwenye benchi mlangoni akipokea wateja na salamu. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwenye kompyuta mpakato iliyokwisha betri. Mashine hiyo huishi kwa waya tu. Ukichomoka, imekufa.

Anaandikia programu kwa lugha iitwayo Kestri. Haina mwenyewe, au tuseme ina wenyewe wengi. Imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana. Yeyote anaweza kuifungua akatazama ndani yake, na akiona kasoro anaiandika kwenye ukurasa ambao watu wote wanausoma. Akiweza, anaitengeneza pia, na wenzake wanaikagua kabla haijaingia kwenye toleo jipya.

"Ni kama kibanda hiki, ila kila mpita njia ana bisibisi," anasema Najiat.

Kasoro aliyoiona mwezi wa pili mwaka huu anaieleza hivi. Mchukue karani aliyeagizwa anakili daftari la zamani kwenye daftari jipya, akishamaliza ndipo alichome lile la zamani. Karani huyu anaandika jina kwenye jalada jipya, anachoma la zamani, halafu ndipo anaanza kunakili. Siku zote anawahi kumaliza, kwa hiyo hakuna anayejua. Siku atakayokatizwa katikati, utabaki na daftari lenye jina zuri na kurasa nyeupe.

"Kestri ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Umeme ukikatika katika ile nukta, faili unalikuta lipo, jina lake lile lile, ndani hamna kitu."

Aliandika ripoti. Siku ya pili alijibiwa na Duarte, mwalimu mstaafu wa Ureno ambaye kwa miaka mingi ndiye anayepokea ripoti za wageni. Picha yake inaonyesha mzee mwenye mvi na miwani. Alikuwa na adabu zake zote. Alisema amejaribu mara kumi, kwake haitokei, huenda ni mashine ya Najiat. Je, ripoti ifungwe?

Najiat alijua kwamba si mashine. Alikuwa ameiona kasoro kwenye kompyuta tatu za wateja aliowaandikia programu. Hata hivyo aliandika: "Sawa. Asante sana." Ripoti ikafungwa.

Ukimuuliza kwa nini, anatazama chini kwanza. "Yule ni mtu mzima, umri wa baba yangu. Nimpinge mbele ya watu, na ukurasa wenyewe unasomwa na dunia? Sikulelewa hivyo. Nikasema nitamtafuta pembeni, taratibu. Sikumtafuta."

Hapo ndipo lilipolala kosa lake, na halikumwacha salama.

Wakati huo programu yake moja ilikuwa tayari inatumika Ulyankulu, kwenye zahanati ndogo ambayo hapendi jina lake liandikwe. Muuguzi Dafrosa, mwenye miaka 53, alikuja mjini kutengenezewa simu, wakaanza kuzungumza, na Najiat akamwandikia bure orodha ya watoto: nani amechanjwa chanjo gani, nani arudi lini. Dafrosa aliipenda hata akaacha kuandika daftarini. Najiat hakumwambia lolote kuhusu kasoro. Alijipa moyo kwamba hutokea mara chache.

Mwezi wa nne, siku ya kliniki, umeme ulikatika mara moja tu. Uliporudi, orodha ya watoto 214 ilikuwa nyeupe. Nakala ya akiba ilihifadhiwa kwenye mashine hiyo hiyo, kwa amri hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo. Nayo ilikuwa nyeupe.

Najiat alifika kesho yake kwa basi la asubuhi. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alipomwona Dafrosa, yote yakamkimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni umeme au ni programu?"

"Ni programu, mama. Nilikuwa najua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Kuna mzee aliniambia kwake haitokei. Niliona aibu kumbishia."

"Mzee gani huyo?"

"Wa Ureno."

"Basi mwite huyo mzee wa Ureno aje tuzunguke naye vijijini," alisema Dafrosa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukulisikia hilo huko mjini?"

Mzee wa Ureno hakuwepo, kwa hiyo alizunguka Najiat. Kila mama ana kadi ya kliniki ya mtoto wake nyumbani, na hizo kadi ndizo zilizobaki. Kwa siku nne wawili hao walipita nyumba kwa nyumba kwa bodaboda, wakinakili. Familia nyingi za huko ni za wakulima waliotoka Burundi mwaka 1972, na watoto na wajukuu wao. Dafrosa mwenyewe amezaliwa humo. Kila walikoingia alisalimia "Amahoro," kisha akaeleza kisa kwa Kirundi. Najiat, mtoto wa mjini, hakuelewa ila jina lake lilipotajwa. Na kila lilipotajwa, wenye nyumba walimgeukia.

Hawakumtukana. Walimpa kiti na maji ya kunywa, na nyumba moja ikampikia maharage. Anasema afadhali wangemtukana.

Walipata kadi 206. Watoto saba walikuwa wamehama na wazazi wao, wengine Nzega, wengine kwenye mashamba ya tumbaku Usoke, wakapatikana kwa simu. Alibaki mmoja. Mama yake, Esperansi Nibizi, alileta kadi ikiwa imeliwa na mchwa, yamebaki matundu na nusu ya muhuri. Mtoto ambaye hana maandishi huhesabiwa hajachanjwa. Akaanzishwa upya.

"Nilimshika mwenyewe mguu," anasema Najiat. "Alilia sana. Alikuwa amekwishachomwa zile sindano, na mama yake aliniambia hivyo. Kilichokosekana ni maandishi, na maandishi niliyapoteza mimi."

Kabla ya kuagana, Dafrosa alifungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula. Hakuiondoa kompyuta mezani. Aliifunika kwa kitambaa.

Nyumbani Isevya, Najiat alimsimulia baba yake yote. Mzee Lukumani alisikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama yule Mreno aliiona mashine yake.

"Hapana, baba. Alijaribu kwenye ya kwake."

"Sasa redio ya mteja ikikataa kuugua pale dukani, huwa namwambia ni nzima?"

"Unaifuata kwake, ikaugue ukiwepo."

"Eeh. Mimi nilikufundisha usimvunjie mtu heshima. Sikukufundisha umfichie ugonjwa."

Usiku huo Najiat hakulala vizuri, na asubuhi aliifungua ripoti upya. Alimweleza Duarte kwamba hakukosea kujaribu, ila mashine yake ina betri, na betri ndiyo inayomficha karani yule anayechoma kabla ya kunakili. Aitoe, kisha achomoe waya katikati ya kuhifadhi. Mzee alifanya hivyo. Mara ya sita faili lilikuwa tupu. Aliandika maneno mawili, "Nimeiona. Samahani," kisha akaomba hesabu kamili kutoka kwenye mashine nyingine, kabla toleo jipya halijafungwa Ijumaa. Likifungwa bila marekebisho, kasoro ingeishi miezi sita mingine kwa kila anayetumia Kestri.

Ndiyo maana ya karatasi ukutani na kalamu nyekundu.

Jumatano alasiri hesabu inatimia. Mara 200 za kuchomoa, mara 31 tupu. Najiat anatuma matokeo pamoja na marekebisho yake, mistari minne tu, inayomlazimisha karani anakili kwanza ndipo achome. Anafunga kibanda, anamshika baba yake mkono, wanakwenda nyumbani.

Asubuhi ya Alhamisi anakuta mabishano. Mmoja wa wakaguzi, kijana hodari wa Kanada, ameandika kwamba marekebisho ni sahihi lakini yatapunguza mwendo: kazi ya sekunde moja itachukua mbili na nusu. Anapendekeza yasubiri. Tena anauliza, si kwa ubaya, ni nani siku hizi anayetumia kompyuta isiyo na betri.

Watu wanne wamemuunga mkono. Duarte bado hajaamka.

Wateja wawili wanasubiri kwenye benchi. Najiat anaandika, anafuta. Anaandika tena, anafuta. Mzee Lukumani, ambaye haoni kioo lakini anasikia vidole vikisita, anawaambia wateja fundi ana dharura. Inapita karibu saa nzima. Kinachobaki kwenye ukurasa, mbele ya dunia, kinaanza hivi:

"Hapana. Sikubali yasubiri. Anayetumia kompyuta isiyo na betri ni mimi, na wengi ninaowafahamu. Mwezi wa pili nilinyamaza kwenye ukurasa huu huu kwa sababu niliona haya. Watoto 214 walipotea kwenye orodha, na mmoja alichomwa sindano mara mbili. Mwendo ukipungua, mtu atasubiri. Faili likipotea, huwezi kumwambia asubiri."

Anabonyeza, anausukuma mkebe wa bisibisi mbali kama una kosa, na kumgeukia mteja wa kwanza. "Samahani, kaka. Kioo au chaji?"

Majibu yanaingia baada ya adhuhuri. Kijana wa Kanada anaandika kwamba hakuwa amelifikiria hilo, na anaondoa pingamizi lake. Duarte ameidhinisha, tena ameongeza sentensi moja kwa wote: kuanzia sasa hakuna ripoti itakayofungwa kwa sababu tu kwake haitokei. Saa tisa na dakika kumi mistari minne ya Isevya inaingia kwenye Kestri.

Hakuna vigelegele. Tatu akielezwa anauliza kama kuna malipo, na akiambiwa hakuna anaguna, kisha anakwenda kununua soda tatu.

Wenzake wamemwomba Najiat awe miongoni mwa wapokea ripoti. Amekubali, kwa saa mbili kila Jumapili. Mpango wake mwingine ni kuyaweka maelekezo ya kuripoti kwa Kiswahili, kwani anawajua mafundi Tabora na Nzega ambao wameona kasoro na hawajawahi kuziandika, eti Kiingereza chao hakifiki huko. Anatarajia kumaliza kabla ya mwisho wa mwaka, simu za watu zikimpa nafasi.

Lakini kuna jambo moja analolitaka kuliko hayo yote, na halimo mikononi mwake. Jumamosi, toleo jipya likiwa limekwisha kutoka, anakaa kwenye benchi la baba yake na kupiga simu Ulyankulu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Najiat. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mama, imetengenezwa. Si kwetu tu, ni kwa wote wanaoitumia. Kama utaniruhusu, nije niiweke."

Upande wa pili kunasikika mtoto akilia, na kiti kikiburuzwa.

"Sikuulizi kama itaharibika tena," anasema Dafrosa. "Kila kitu kinaharibika. Nakuuliza wewe. Siku ukiona kasoro, utaniambia lini?"

"Siku hiyo hiyo, mama."

"Hata nikiwa nina foleni ya wagonjwa na sitaki kusikia?"

"Hata ukinifukuza."

Najiat ameikaza simu sikioni, na mzee Lukumani kando yake ameacha kuzungusha tasbihi.

"Njoo Jumatano," anasema Dafrosa. "Nitakitoa kitambaa."