Malka Niliyoiziba

Mwezi uliopita nilikuwa nikitoa vitu vya marehemu mama katika chumba chake kule Idsowe. Nilipovuta gunia la unga kutoka mvunguni mwa kitanda, harufu ilinipiga kabla sijalifungua: udongo wa mtoni, samadi kavu, na ile buluu ya kufulia mashati meupe. Nikakaa chini palepale. Nilijua kilichomo, na Mungu anisamehe, nilitamani kiwe kimeliwa na mchwa.

Msinicheke, kilikuwa kipande cha mchezo wa watoto. Nilipokuwa darasa la sita, mimi na Halima tulijenga bonde letu la mto Tana juu ya makatoni, tukalichezea kwa ng'ombe wa udongo wasiozidi kidole gumba. Halima alikuwa binti wa wafugaji wa Kiorma waliokaa upande wa Minjila. Sisi ni Wapokomo, watu wa jembe na mpunga. Tulikalia dawati moja kwa sababu mwalimu wetu aliamini kwamba ukimweka mtoto msemaji karibu na mkimya, wote wawili watanyooka. Msemaji nilikuwa mimi, na sikunyooka.

Bonde la kwanza tulilijenga jikoni kwa mama, juu ya mlango wa zamani. Lilipokauka likawa zito kama ng'ombe wa kweli, halipiti mlangoni, na mama akataka jiko lake kabla ya jua kutua. Tukalivunja huku nikilia. Halima hakulia. Alisema kwao hawajengi kitu kisichobebeka, na kesho yake akaja na wazo la vipande.

Vilikuwa vipande tisa, kila kimoja rula moja kwa rula moja. Tuliomba makatoni dukani, tukayabandika manne manne kwa uji wa unga wa ngano, tukayalalia mawe yasipinde. Udongo ulipasuka mara mbili, hadi Halima alipouchanganya na samadi na nyasi zilizokatwakatwa, kama akina mama wanavyokandika nyumba. Mto tuliupaka buluu. Siri yetu ilikuwa kwenye kingo: mto ulikata ukingo kwenye namba kumi na tano ya rula, kila mara, kwa hiyo vipande vitatu vya mto viliungana kwa mpango wowote, na leo mto ukapinda kulia, kesho kushoto, kama Tana yenyewe inavyojiamulia. Tukimaliza, tulivipanga guniani na magazeti katikati. Ng'ombe walilala kwenye kopo la maziwa, juu ya usufi.

Halima alisisitiza jambo moja. Kila kipande cha mto lazima kiwe na malka, ile njia ambayo ng'ombe hupitia katikati ya mashamba kwenda kunywa. Nilimwambia malka moja yatosha. Alikataa, akachora tatu, na kwa kijiti cha kiberiti akatoboa alama za kwato njia nzima. Nikamwona mbishi tu.

Mchezo ulikuwa hivi. Mimi nilikuwa mkulima, yeye mfugaji. Tulirusha vifuu viwili: vikilala kifudifudi, mvua, vikilala chali, kiangazi. Vikilala chali mara tatu mfululizo, ng'ombe wote sharti wafike mtoni kwa hatua saba bila kukanyaga shamba. Asiyefika alitolewa. Halima alishinda karibu kila siku, maana alizijua njia zake na aliwajua ng'ombe wake. Aliwapa majina ya ng'ombe wa baba yake, na mmoja mwenye baka jeupe alimfanyia hata pembe iliyovunjika.

Mwalimu alipouona mchezo, akasema tutaupeleka Hola kwenye maonyesho ya shule. Tungecheza mbele ya wageni, na mshindi angepata begi jipya. Mimi nilikuwa nikibeba vitabu kwenye mfuko wa nailoni. Usiku sikulala kwa hamu ya lile begi, na zaidi ya begi, nilichoka kushindwa na mtu mkimya.

Gunia lilikuwa likikaa kwetu. Ijumaa mchana kabla ya maonyesho, mama akiwa shambani, nilikanda udongo nikaziba malka zote tatu. Juu yake nikapanda mahindi ya nyuzi za katani nilizozipaka kijani. Yalipendeza. Naona aibu kusema, lakini nilirudi nyuma kidogo nikayatazama, nikajisifu.

Kule Hola, mimi ndiye niliyepanga vipande. Halima alikuwa akiwaonyesha wageni ng'ombe wake mmoja mmoja, na nafikiri siku ile alizungumza kuliko mwaka mzima. Tukacheza. Vifuu vikalala chali mara tatu. Akashika ng'ombe wake wa mbele, akamsogeza kuelekea mtoni, mkono ukasimama hewani. Akatazama kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akapitisha kidole juu ya mahindi yangu.

"Njia ilikuwa hapa," akasema.

Mwalimu akaniuliza kama ni kweli. Wageni walikuwa wakinitazama, na begi lilikuwa mezani.

"Haikuwepo," nikasema. "Hapo ni shamba tangu mwanzo."

Halima alinitazama kidogo tu, kisha akaanza kuwatoa ng'ombe, na kila aliyemtoa alimtaja jina kwa sauti ndogo, akimlaza kwenye usufi. Wa baka jeupe alikuwa wa mwisho. Watu wakapiga makofi, nikapewa begi.

Kiangazi cha kweli kilikuja mwaka uleule. Watu wa Halima wakahama na mifugo yao, na dawati likabaki langu peke yangu. Nilieneza vitabu vyangu kote, nikasema moyoni kwamba sasa nina nafasi.

Nilikuwa mtu mzima nilipounganisha mambo. Msimu ule baba na ndugu zake walikuwa wamelima malka iliyopita karibu na shamba letu. Walikuwa na sababu yao: mwaka wa nyuma ng'ombe walikula mpunga wetu, tukalala na njaa. Mimi nilichokijua ni kwamba tuna mahindi mengi ya kuchoma. Lakini Halima alijua. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wameshakuta njia imelimwa, naye akakaa nami dawati moja bila kunilaumu, akaenda kuchora malka tatu kwenye udongo, mahali pekee ambapo zingebaki wazi. Hapo napo nikaziba, kisha nikasema mbele za watu kwamba hazikuwahi kuwepo.

Mwaka jana nilimkuta Halima mjini Garsen akiuza maziwa. Alinitambua kwanza. Akaniuliza hali ya mama, ya watoto, akanipimia maziwa akaongeza kidogo juu. Kisha akauliza, akitabasamu, "Ule mto wetu bado upo?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Mchwa walikula."

Mama alipenda kutuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita miaka ishirini na bado natembea.

Kati ya vile vipande tisa, guniani kilikuwa kimebaki kimoja tu, cha mto. Nimekileta kwangu. Jana nilikifunika kwa kitambaa chenye maji, na jioni udongo wangu ukaanza kubanduka wenyewe, na mahindi yake. Wa Halima, wenye samadi, haukutikisika. Alama za kwato ziko zote, ndogondogo, zimeelekea mtoni.

Bado sijakipeleka Garsen.