Nyuzi Nne za Baridi

Mume wangu hajawahi kugombana na mtu, na hilo ndilo linaloniua. Ni fundi wa friji kwa mwaka wa thelathini sasa. Mtaa mzima unamwita Baridi, na si kwa sababu ya friji peke yake. Mimi nashona sare za shule chumba cha mbele, yeye anafungua mashine zake chumba cha nyuma, na majirani hutania kwamba nyumba yetu ina friji moja na jiko moja. Jiko ni mimi. Sikatai.

Mwaka jana feni ya kiyoyozi ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha jirani yake, vyote katikati. Kuna mtu aliwasha umeme mkono wake ukiwa ndani. Karatasi ya kukataza kuwasha ilikuwa imebandikwa kwenye swichi, kubwa kama sahani! Huyo mtu akaja hospitali na machungwa matatu, akasema ni bahati mbaya. Mume wangu akamshukuru kwa machungwa.

Mkono huo ndio uliokuwa ukibana nyuzi za gitaa. Kwa miaka ishirini na miwili alipiga kwenye bendi ya harusi pamoja na wenzake watano, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku sita za wiki utamvuta maneno kwa koleo. Jumamosi, gitaa likiwa begani, anatania mabibi harusi, anaimba, anacheka mpaka machozi. Baada ya ajali bendi ilinyamaza kimya. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepiga simu. Tukawakuta kwenye harusi ya binamu yangu, na mahali pake amesimama mtu mwingine. Mume wangu akawapungia mkono. Mimi chakula kilinishinda.

Gitaa likakaa juu ya kabati. Alijaribu mara kadhaa, lakini shingo yake ilikuwa pana mno kwa vidole viwili vizima na vipande viwili. Akaacha kujaribu. Kisha akaacha kuongea hata mezani, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku moja akaniambia kuna chombo kinaitwa ukulele wa baritoni. Si zile ndogo zinazolia kama vifaranga. Huu ni mkubwa kuliko ndugu zake wote, una nyuzi nne tu, na hizo nne zinatuniwa, yaani zinakazwa zitoe sauti, sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Mikao ya vidole ni ile ile anayoijua, ila shingo ni nyembamba na fupi. "Nikiupata huo," akasema, "naweza kurudi kwenye bendi." Sijui mara ya mwisho alinipa maneno mengi hivyo ilikuwa lini. Nikavaa viatu.

Dukani muuzaji aliuangalia mkono wa mume wangu, kisha akanigeukia mimi. "Mzee anataka cha kuchezea? Hiki kizuri, hata wajukuu watakipenda." Akatoa kidude cha rangi ya waridi chenye picha ya samaki anayecheka. Yaani mtu akikatika vidole, na masikio nayo yamekatika, huwezi kumsemesha mwenyewe! Nilimpa vidonge vyake palepale.

Wakati mimi nagomba, mume wangu alikuwa ameshashusha ukulele tatu kubwa kutoka ukutani. Aligonga kifua cha kila moja, ule ubao wa mbele, kwa kidole, akatega sikio, vile anavyogonga mtungi wa gesi. Wa kwanza ulikuwa wa mbao za kubandikwa tabaka, mzito kwa vanishi. Ulijibu kama meza. Wa pili ulijibu vizuri, lakini alipofumba jicho moja akatazama urefu wa shingo, ilikuwa imepinda. Wa tatu ulikuwa wa kahawia tu, hauna pambo, una tumbo pana na kifua chembamba cha mbao halisi. Akabana nyuzi. Kidole cha shahada na cha kati vikafika kila alikotaka, na kipande cha kidole cha tatu kikapata kazi kwenye uzi wa chini. Akacheka kwa sauti.

Nyuzi zake zilikuwa zimechoka, kwa hiyo muuzaji akauliza atuwekee zipi. "Za gitaa," nikasema. "Za chuma. Si tunataka sauti nzito ya gitaa?"

"Nadhani huu unataka nailoni," mume wangu akasema polepole.

Nikamwambia aache kubana matumizi. Muuzaji akafunga za chuma. Sasa niambie, kazi ya muuzaji ni nini? Si kukataa? Siku ya tatu, asubuhi, tukasikia mlio kama mtu kavunja kiti. Chuma kilikuwa kimevuta mpaka kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi chini kikang'oka na kukwangua kifua.

Nilirudi dukani peke yangu. "Mama, si wewe uliyesema za chuma?" yule bwana akaniuliza bila haya. Nikamuuliza mwenye duka ni mimi au yeye, na niliuliza mpaka wateja wakatoka. Alinipa pakiti ya nyuzi zinazofaa ili niondoke tu.

Mume wangu aligundisha kile kipande, akakibana kwa jiliwa siku mbili. Kisha akafunga nyuzi mpya: mbili za juu zilizoviringishiwa waya mwembamba, ndizo zenye uzito wa sauti, na mbili za chini za nailoni tupu. Kila moja ilitaka kupitishwa kwenye tundu, izungushwe na kujifunga yenyewe. Alitumia meno. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Acha," akasema.

Nailoni mpya inavutika, kwa hiyo akituni, kabla chai haijaisha sauti imeshuka. Siku nne alikuwa akikaza tu. Ya tano zikakaa. Nikiwa chumba cha mbele nikasimamisha cherehani, maana huko nyuma mtu alikuwa anapiga gitaa.

Jumamosi mchana tukaenda kwenye ukumbi wa shule wanapofanyia mazoezi. Kiongozi wa bendi, rafiki yake wa siku zote, akauona ule mfuko mdogo wa ukulele akacheka, na wengine wakamfuata. Mume wangu akakaa mbele ya maikrofoni, akapiga. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, kicheko kimekwisha. Baada ya wa tatu kiongozi akasema, "Jumamosi ijayo saa nane. Shati jeupe."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na mwaka mzima kifuani. Nikawaambia ni watu wasio na utu, walimtupa mwenzao kama kopo, hata simu moja hawakupiga.

Kiongozi alinisubiri nimalize. "Shemeji, si ulinipigia mwenyewe? Ulisema tusije na tusimtajie bendi, atalazimisha vidole na kidonda kitaharibika. Nikakuuliza mpaka lini. Ukasema nisikupigie tena."

Nikafungua kinywa nimwite mwongo. Kisha nikaukumbuka ukuta wa kijani wa hospitali, na simu sikioni, na sauti yangu mwenyewe ikigomba.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakaza uzi, hata hakushtuka.

"Ulijua?"

"Ulikuwa unaongea mlangoni pa wodi. Nilikuwa macho."

"Na mwaka mzima unanisikia nikiwatukana watu?"

"Ulikuwa umeogopa," akasema. Akaugusa uzi, akausikiliza, akaukaza tena kidogo. "Lakini ile simu iliniuma, mke wangu. Iliniuma sana."

Vidole vilipokatika hakulitamka neno hilo.