Mbuzi wa Deni la Nje

Mimi hasira zangu ziko karibu, na Isiolo nzima inajua. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikianza kugombana sokoni hata ngamia wanasogea kando. Basi mwaka ule wa kiangazi nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma, na hadi leo nikisikia redio ikitaja madeni ya nje, kinaanza tena.

Mume wangu alitoka kwa watu ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, kisha wakageuka kuwa watu wa malori. Mimi aliniachia moja, lori la tangi. Mto ulipokauka huko chini ya Merti, serikali ikanipa kazi ya kupeleka maji kwenye manyatta fulani, kijiji cha wafugaji mbali na barabara, mahali ambapo pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Makubaliano yalikuwa rahisi: peleka maji kila wiki, mwisho wa mwezi unalipwa. Mwezi ukaisha. Ukaisha na wa pili. Nikienda ofisini naambiwa njoo kesho, na kesho naambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Wakati huo wote dizeli nachukua kwa mkopo kwenye kituo cha mafuta cha jirani yangu, Mmeru mmoja mpole, mtu wa kanisa, ambaye tumezeeka naye mtaa mmoja.

Siku moja naye akanisimamisha. "Mama, hilo deni limekuwa kubwa. Usingizi sipati."

Ajabu ni kwamba sikumfokea. Nilimwambia, "Panda lori twende, mzee. Ukaone dizeli yako inaenda wapi."

Akapanda. Shemeji yangu ndiye dereva, sisi wawili tukabanana pembeni yake, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tulipofika, wanawake walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri, na mizoga ya ng'ombe imelala hapo karibu, mingi hata fisi wamechoka nayo. Kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita akko, yaani nyanya kwa Kiborana, aliyekuwa akilea wajukuu peke yake. Alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja tu wa maziwa. Alimkamulia mgeni wangu kikombe, si unajua heshima ya watu wa huko. Mzee wa watu alikishika kile kikombe, akashindwa kunywa, akawapa watoto.

Tulipoingia lami akanigeukia. "Endelea kujaza mafuta," akasema. "Tutaongea mvua ikinyesha."

Hivyo ndivyo tunavyodaiana huku kwetu. Anayekudai anajua mlango wako. Anakuja, anaona, na akiona umeishiwa anakupa nafasi, kwa sababu mwaka ujao huenda akaishiwa yeye.

Nikarudi ofisini. Ofisa wa malipo alikuwa kijana wa shati safi, na adabu alikuwa nayo, siwezi kumsingizia. Akaniketisha, akanieleza. Serikali ilikopa dola kwa watu wa nje kwa kuwauzia hati za deni. Siku ya kulipa imefika, na hao hawaambiwi wangoje. Tukichelewa kidogo tu wanatutangaza dunia nzima, wanakimbia na pesa zao, na atakayekubali kutukopesha tena atataka riba ya kutumaliza. Halafu shilingi imeshuka, kwa hivyo deni limenenepa bila sisi kukopa hata senti.

"Kwa hivyo mama, wao kwanza. Nyinyi wa hapa mtavumilia kidogo."

"Waleteni waone," nikasema.

"Kina nani?"

"Hao wanaotudai. Lori langu lina nafasi. Waje waone hiyo mizoga, watatupa muda."

Akacheka. Wallahi alicheka, tena bila dharau, kicheko cha mtu anayemwonea mtoto huruma. "Mama, hata sisi hatuwajui. Hizo hati zinauzwa huko kila siku. Aliyetukopesha jana siye anayetudai leo."

Ebo! Nchi nzima inadaiwa na watu isiowajua hata kwa sura? Sasa nikampigie nani magoti? Mimi nikikopa unga dukani, namjua mwenye duka, namjua mkewe, najua hata saa ya kumkuta ana roho nzuri. Hawa wetu walikwenda kukopa kwa watu wasio na uso, halafu siku ya kubanwa wanakuja kumbana bibi wa Merti. Nilibamiza ule mlango nikitoka, na ningepata nafasi ningeubamiza tena.

Dizeli nayo inanunuliwa kwa dola. Dola ilipopanda, waliokuwa wakimletea jirani yangu mafuta wakakataa kumkopesha, wakataka pesa mkononi. Alikuja kwangu kofia ameivua, kuniambia mkopo umekwisha. Sikumlaumu. Nikaenda manyatta na mafuta ya mwisho, kuwaambia kwamba sitarudi.

Akko alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaenda akamfungua yule mbuzi, akamkokota mpaka mlango wa lori. "Muuze, ununue dizeli."

"Na wajukuu watakunywa nini?"

"Watakunywa maji," akasema.

Nilimchukua. Lakini sokoni sikumpeleka. Nilimpeleka ofisini, nikampitisha mbele ya askari wa mlangoni aliyebaki kunitolea macho, nikamfunga kwenye mguu wa meza ya yule kijana. Redio yao ilikuwa ikisema nchi imelipa kwa wakati na wakopeshaji wamefurahi.

"Chukua," nikamwambia. "Watumie na huyu. Waambie ametoka kwa bibi mmoja wa Merti, hana mwingine."

Nilitaka aone haya. Nikisema ukweli, nilitaka alie. Kijana akainama, akampapasa mbuzi mgongo, akambonyeza mbavu.

"Unauza ngapi, mama? Jumapili nina wageni."

Nilitamani kumrushia kiti. Lakini sokoni kiangazi kile mbuzi hawakuwa na bei, na tangi la mafuta lilikuwa kavu. Nikataja bei. Akashusha. Nikataja tena, akashusha tena. Nikauza.

Maji yakafika. Akko alinishika mikono yote miwili, akauliza ni nani aliyemnunua mbuzi wake.

"Ofisa wa serikali," nikasema.

Uso wake ukachangamka. Akawageukia wenzake waliokuwa kwenye foleni ya mitungi, akawapazia sauti: "Alhamdulillahi! Serikali imeanza kulipa!"

Wakanipigia vigelegele, na mimi nikashindwa kuwasahihisha.