Simu Iliyokataa Kukatika

Mama yangu anaishi Mchombe, mimi Ifakara, na ndugu wote tumo kwenye kundi la ukoo la simu. Aliyeitengeneza ile programu hakuwahi kumwona mama yangu akiitumia. Alama ya kupigia imekaa juu, jirani kabisa na ile ya kurudi nyuma. Ukiigusa, haikuulizi kama una uhakika. Inawapigia ndugu wote kwa mpigo, tena kwa video. Nimeshaonyeshwa dari ya nyumba ya mama nikiwa kazini, nikiwa kanisani, na mara moja nikiwa kwa daktari wa meno, nimeachama.

Siku moja baada ya mavuno nilikwenda kumfundisha. Nilimkuta uani akipepeta mchele. Nikavuta kigoda, nikamwambia, "Mama, tazama. Ukitaka kurudi, unabonyeza hapa tu."

Nikabonyeza. Simu ikaanza kuuita ukoo mzima.

Wa kwanza kupokea alikuwa mama mdogo, yuko Chita. Yeye na mama hawakuwa wakisemeshana tangu harusi ya kaka yangu, mama alipogawa vitenge vya sare kwa mashangazi wote akamsahau mdogo wake wa damu. Nikatafuta kitufe chekundu cha kukatia. Hakipo! Mazungumzo yakishaanza vitufe vyote hujificha, sijui kwa faida ya nani. Nikagusa huku na kule, nikaishia kuongeza sauti.

Walitazamana. Ungo ukatulia mikononi mwa mama.

"Shikamoo, dada," mama mdogo akasema hatimaye.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Sijakonda. Ni simu yako mbovu."

"Yangu? Yako ndiyo inakuonyesha kama umemwagiwa unga!"

Mama mdogo akacheka. Nilikuwa nimeusahau mcheko wake, ule unaoanza kama kikohozi. Mama naye akaangua kicheko, pumba zikamrukia usoni. Hapo kaka akaingia kutoka gereji, binamu akaingia kutoka mashamba ya miwa, kila mmoja akiuliza kwa hofu nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki!" mama akapaza sauti. "Tokeni, naongea na mdogo wangu!"

Nao hawakuona pa kutokea.

Mama akanikabidhi ungo, akaichukua simu, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Nilimsikia akisema, "Zile sare nilikosea. Nilikosea kabisa, mdogo wangu." Mengine sikuyasikia. Nilikuwa napepeta vibaya, nusu ya mchele imekwenda kwa kuku, na wala sikujali.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo alishuka kwenye basi na kapu la samaki wakavu. Mama alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi. Walikumbatiana mpaka dereva akawapigia honi wapishe njia. Kisha wakashikana mikono kuelekea nyumbani, wakiongea Kindamba cha haraka mno, nami nikiwafuata nyuma na kapu, nikiambulia neno moja moja.