Kanda Tatu za Mwisho za Mou

Kipngeno hakuwa mtu wa kutulia. Duka lake la kanda na sidii pale Lodwar, lililobanwa kati ya kinyozi na bucha ya Asekon, lilikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa cha wateja. Mwenyewe alisimama. Aliingia, akatoka, akaegemea mlango, akatazama barabara kana kwamba kuna gari limemwacha, kisha akarudi ndani kubadilisha wimbo ambao hata haujafika katikati. Asekon alizoea kumwambia kwamba mbuzi anayetembea kiasi kile hafai kuchinjwa, maana hana nyama, ni mishipa tu. Kipngeno alicheka, akatoka tena nje.

Alikuja Turkana kutoka upande wa Litein, akisema amekuja kwa muda. Miaka ikapita, na muda wenyewe haukwisha. Kila Januari alitangaza kwamba mwaka huu anarudi kwao, na kabla mwaka haujaisha ungemkuta akipigilia rafu nyingine ukutani. Huko kwao alikuwa na binti, Chelangat, aliyemwacha akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa amegombana na wakwe, akapanda basi kwa hasira. Hasira ilimwisha kabla ya Kitale, lakini basi likaendelea na safari, naye akaendelea nalo. Tangu hapo alituma vitu: sare ya shule, viatu, mara moja sweta iliyomfikia mtoto ikiwa tayari ndogo. Yeye mwenyewe hakujipeleka. Lodwar hakuna aliyejua kwamba ana mtoto, kwa sababu ukimwuliza Kipngeno habari za Kipngeno, atakujibu habari za muziki.

Na muziki, kwake, ulikuwa Mou.

Mou alikuwa Mdinka wa kusini mwa Sudan aliyeingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kundi la kwanza kabisa, akakaa humo akipiga gitaa na kuimba kwa Kidinka, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha kambini, vyote katika wimbo mmoja. Redio za Nairobi hazikumjua. Lakini kati ya Lodwar na Lokichoggio walikuwapo madereva wa malori, wauguzi, walimu na askari waliompenda kwa ukali, watu ambao wangekunyima salamu ukisema mwimbaji mwingine ni bora. Alikuwa ametoa kanda tano. Mbili za mwanzo, ya jalada jekundu na ya jalada la manjano, zilichezwa mpaka utepe ukakonda. Tatu zilizofuata, ya kijani, nyeupe na ile ya mwisho isiyo na jalada lolote, zilikaa kwenye rafu ya Kipngeno zikila vumbi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kuzidharau. Mteja akiulizia ya kijani, Kipngeno alimwambia asijitese, Mou amekwisha. Sababu alikuwa nazo tele. Katika kanda mbili za mwanzo ulimsikia mtu mmoja, na mtu huyo ulimjua. Katika hizi tatu, wimbo huu Mou ni kijana anayejivunia dume lake la ng'ombe, ujao ni mama anayelalamika kwenye foleni ya maji, unaofuata ni mwalimu aliyeachwa na mchumba. Mtu mwenye akili timamu atakuwaje watu wote hao? Juu ya hayo kulikuwa na kinanda kinacholia kama king'ora. Na kibaya zaidi, karibu kila wimbo gitaa lilinyamaza katikati. Ukasikia utepe unakwaruza, mtu anakohoa mbali, minong'ono, halafu gitaa linarudi kana kwamba mpigaji alikuwa amekwenda chooni. Kipngeno alipokuwa akihamisha kanda kwenye kompyuta, alizikata nafasi zile zote, wimbo baada ya wimbo, na kuziunganisha ncha vizuri hivi kwamba huwezi kujua palikatwa wapi. Kazi ile aliijivunia kuliko nyingine yoyote aliyowahi kufanya.

Mwisho wa mwaka 2012, mji ulipokuwa umejaa magari ya kampeni na wageni waliovutiwa na habari za mafuta, dereva mmoja alileta habari kwamba Mou anafunga virago. Sudan Kusini ilikuwa sasa nchi yao wenyewe, na mzee alitaka kuvuka mpaka wa Nadapal akiwa bado ana miguu. Kipngeno alishindwa kula. Akaamua kumtengenezea sidii ya kumuaga, yenye nyimbo bora tu, akaiita Mou Halisi. Zote zilitoka katika kanda ya jalada jekundu na ile ya manjano.

Aliipeleka Kakuma yeye mwenyewe, mpaka kwenye kibanda cha chai cha Awut ndani ya kambi, ambako Mou alikaa kila asubuhi. Watu waliitikia nyimbo za zamani wakipiga meza. Mou alikunywa chai yake, akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha Kipngeno, ili isionekane ana roho mbaya na kanda nyingine, akaweka wimbo mmoja wa ile nyeupe, ule wa mama wa foleni ya maji, ukiwa umesafishwa na kuunganishwa kwa ustadi wake wote.

Awut aliacha kumimina chai.

"Mimi nimeenda wapi?" akauliza.

Kipngeno alidhani ni utani, akamwambia kwamba yeye yupo pale pale na chai inapoa. Awut hakucheka. Akaiweka birika chini.

"Hii wimbo ni yangu," akasema. "Mou alitunga, lakini ni mali yangu. Pale katikati mimi nasema jina ya mtoto wangu, yenye alibaki njiani tukikimbia. Gitaa inangoja nimalize. Wewe umetoa."

Ikabidi Mou amweleze, taratibu, kama anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Kwao, mtu akitaka wimbo humwendea mtunzi, akampa habari zake: baba yake nani, ng'ombe wake yupi, nini kinamuuma. Mtunzi huunda wimbo, na ukishaundwa si wake tena. Ni wa aliyetoa habari, naye ndiye husimama kuuimba, na "mimi" anayesikika ndani yake ni yeye. Kanda mbili za mwanzo Mou alijitungia mwenyewe, kwa kuwa alifika akiwa mgeni na hakuna aliyemjua. Baadaye watu walianza kumjia, na habari zao zilikuwa nyingi kuliko zake. Wengi waliona haya mbele ya mashine ya kurekodi, kwa hiyo aliwaimbia, lakini lile neno gumu hakukubali kuwasemea. Alinyamazisha gitaa akawangoja.

Njia nzima ya kurudi Lodwar Kipngeno alihesabu nyimbo alizozikata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye masikio mazuri, na masikio hayo yalikuwa yamemdanganya miaka yote. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo lililomfanya Asekon aje kuchungulia, akatoa kanda zenyewe za asili, akavaa visikizio vikubwa masikioni na kujilazimisha kukaa kwenye kiti cha wateja.

Mle alimokuwa akisikia ukwaruzaji, sasa alisikia watu. Mwanamume alitaja jina la kaka yake na kusema kwamba alimkana mbele ya askari. Mwalimu aliyeachwa na mchumba alisema tu, kwa Kiswahili, kwamba yeye ndiye aliyeacha. Kulikuwa na mmoja ambaye hakusema lolote, alipumua tu, na Mou alimngoja mpaka yeye Mou alipochoka, ndipo gitaa likaendelea. Kipngeno aliusikiliza ule mara nyingi kuliko yote.

Isidhaniwe kwamba alizisamehe kanda zote tatu. Kinanda kilibaki dhambi. Nusu ya ile ya kijani ilikuwa mbovu, na wimbo mmoja wa kumsifu ng'ombe katika ile isiyo na jalada ulikuwa mrefu kuliko ng'ombe mwenyewe. Lakini alijua sasa kwamba ubovu ule ulikuwa wa aina nyingine. Mtu akikujia na habari zilizopinda, huwezi kumtungia wimbo ulionyooka. Kanda nyekundu ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa ya mtu mmoja anayejipenda kidogo, na hili Kipngeno alilikiri peke yake dukani, kwa uchungu, maana wimbo alioupenda kuliko yote maishani ulikuwa humo.

Akarudisha kila alichokikata, akampelekea Awut wimbo wake mzima. Awut aliusikiliza akiwa amefumba macho, akasema sawa, akamwekea chai. Kipngeno hakuinywa. Alimzunguka Mou kama kuku anayetaka kutaga, mpaka mzee akamwambia avute kigoda, aseme anachotaka kusema.

Alitaka wimbo. Mou akaliweka gitaa gotini, akamwambia alete habari. Kipngeno akamwaga: joto la Lodwar, duka, wateja wasiojua muziki, siku gari lilipokwama mtoni Kawalase, jinsi anavyoweza kumtambua mpigaji kwa vidole tu. Mou alisikiliza bila kugusa uzi.

"Hii ni habari ya duka," akasema. "Ya wewe iko wapi?"

Kipngeno alisimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Kisha akamweleza habari za Chelangat, akiwa amemgeuzia mzee mgongo. Alipomaliza, Mou hakumlaumu wala kumpa pole. Aliuliza tu huyo mtoto sasa ana umri gani, na Kipngeno akagundua kwamba lazima ahesabu.

Siku ya kuagana iliangukia Jumapili, baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa pale kambini. Kwa mbali gari la kampeni lilikuwa likipiga kelele zake, hakuna aliyelijali. Mou alikaa na gitaa, na wenye nyimbo wakasimama mmoja mmoja kuimba mali zao. Wengine sauti zilikuwa nzuri, wengine hazikuwa, na wote waliitikiwa sawasawa. Awut aliimba wake, akalitaja jina la mwanawe kwa sauti kubwa, akarudi kukaa akijipepea kwa upande wa kanga. Kisha Mou akamtazama Kipngeno.

Wimbo aliotungiwa haukuwa na raha. Mdundo wake ulibadilika kila ulipoanza kukaa vizuri, na sauti ya Kipngeno, iliyozoea kukosoa, ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Aliimba habari za mtu anayelinda mlango wa duka lake mwenyewe kama mwizi anayetafuta njia ya kutokea. Watu walicheka, naye akacheka nao, na kwa kitambo alidhani mambo ni mepesi. Halafu gitaa likanyamaza.

Mou alikuwa amemwonya kwamba hapo ni pake, na hatamwekea neno. Kipngeno alikuwa amejiandalia utani wa kuupitishia pale. Alitazama lango la kanisa, lilikuwa wazi. Miguu yake ilikwisha kuanza kwenda, akaihisi ikienda, na aliogopa, aliogopa zaidi kuliko siku ile ndani ya basi, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu anayemngoja aseme. Hapa walimngoja. Hakuna aliyekohoa. Mou aliinamia gitaa, kiganja kimelala juu ya nyuzi, kama mtu mwenye siku nzima.

"Chelangat," akasema. "Ni baba yako. Watu wanasema nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe, halafu nikaona haya kurudi, na haya ikazidi kila mwaka."

Gitaa likarudi. Hakuweza kumalizia ubeti wa mwisho, Awut na wenzake wakaumalizia kwa niaba yake, kwa maneno waliyoyabahatisha. Yote yalirekodiwa kwenye simu ya Kipngeno, pamoja na gari la kampeni. Wiki ile ile Mou alipanda lori la kwenda Nadapal, gitaa limefungwa ndani ya blanketi, na Kipngeno akalisindikiza kwa macho mpaka vumbi lilipotua.

Uchaguzi ulipita, shule zikafungwa mwezi wa nne. Kipngeno akampa Asekon ufunguo wa duka, akasema anarudi kwao. Asekon, aliyekuwa amesikia tangazo hilo Januari nyingi, aliupokea akicheka, lakini jioni hakumwona mtu mlangoni, wala kesho yake.

Litein kulikuwa na mvua. Alimkuta msichana mrefu nje ya nyumba ya wakwe, ametua kikapu cha majani ya chai aliyotoka kuchuma, akimtazama bila kumkaribisha.

"Wewe ndiye Kipngeno," akasema. Hakuwa akiuliza.

Maneno yote aliyoyapanga tangu Kitale yalimwishia pale pale. Akatoa simu, akatafuta wimbo, akampa. Chelangat aliiweka sikioni kwa sababu ya mvua, akajiegemeza ukutani. Kipngeno hakuwa akisikia kitu, ila alijua kila mahali wimbo ulipofika kwa kuutazama uso wake: hapa watu wanacheka, hapa gitaa linanyamaza. Miguu yake ilitaka barabara. Akaishikilia pale pale matopeni mpaka ulipokwisha.

Chelangat akaishusha simu.

"Si wimbo mzuri," akasema.

Kipngeno alikubali kwamba si mzuri. Alitaka kumweleza habari za mdundo na gitaa, akajizuia.

Msichana akaitazama simu, akafuta matone kwenye kioo kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Uweke tena," akasema. "Kutoka mwanzo."