Kompyuta ya Chumba cha Mzazi

Saa mbili na nusu asubuhi, Kaltun Diriye anavua viatu mlangoni mwa nyumba moja ya mtaa wa Jigjiga-yar, Hargeisa. Anaingia na mkoba begani, na kabla hajasema lililomleta anakalishwa zuliani na kupewa chai ya maziwa ya ngamia pamoja na lahoh mbili, mikate myembamba kama chapati za maji, zilizolowa samli. Kompyuta iko chumba cha pili, imekufa. Kaltun haikimbilii, anakunywa chai.

"Fundi akifungua mashine kabla ya kunywa, watu wanaona ana haraka ya hela," anasema. "Na mimi ugonjwa naupata kwenye chai. Mtu akinywa anaongea, na akiongea anasema hata asichoulizwa."

Anayeongea leo ni mwenye nyumba, Shamis Robleh, mkunga mstaafu wa miaka sitini na tisa. Anasema kompyuta yake ya mezani iligoma kuwaka Jumatatu. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi na sanduku linaanza kulia. Linalia, linanyamaza, linalia tena. Jirani alimshauri aipige kofi ubavuni. Akaipiga, tena si mara moja.

Mafundi wawili wamekwisha kuja kabla ya Kaltun. Wa kwanza alifika mpaka kwenye pazia la chumba akarudi, maana ndani amelala mzazi. Hibaq, binti wa Shamis, amekuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, na leo ni siku ya thelathini na moja ya arobaini yake. Mwanamume asiye wa nyumba hii hana njia ya kuingia mle. Fundi wa pili alisema basi itolewe nje, aende nayo dukani kwake.

"Nikamwambia hii haitoki nyumbani kwangu," anasema Shamis. "Bora nitoke mimi."

Ana sababu. Ndani ya kompyuta hiyo mna watoto elfu nne mia saba na kumi na watatu. Kila mtoto aliyepokewa na mikono ya Shamis kwa miaka thelathini ameandikwa humo: jina la mama, jina la baba, siku, saa, na kama alilia mara moja au alihitaji kushikwa miguu kichwa chini. Kwanza yalikuwa madaftari. Hibaq aliyanakili yote kwenye kompyuta kwa miaka miwili, na ikawa bahati, kwani mwaka uliofuata mchwa waliingia kabatini wakala madaftari hadi majalada.

Watu huja kwa Shamis kutafuta siku zao. Anakuja kijana anayetaka pasi ya kusafiria, anakuja mama anayemwandikisha mtoto shule. Waliwahi kuja hata ndugu wawili, wazee wazima wenye ndevu, waliokuwa wakigombana nani mkubwa. Shamis akafungua, akawasomea, na mmoja akaondoka amenuna.

Kaltun alipendekeza kwenye simu kwamba kabla ya yote orodha hiyo inakiliwe mahali pengine. Shamis alikataa. Humo mna mambo ya wanawake, alisema, na yeye aliwaahidi wanawake hao kwamba hayatazagaa. Kwa hiyo majina hayo yapo mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo pamegoma kuwaka.

Chai ikiisha, Kaltun anaingia kwa mzazi. Mwandishi wa makala haya, kwa kuwa naye ni mwanamke, anaruhusiwa kumfuata. Chumba ni kidogo na kina joto. Hibaq amekaa kitandani na mtoto kifuani, pembeni yake bakuli la supu ya mbuzi. Katikati ya sakafu, hatua mbili kutoka kwenye meza ya kompyuta, kinafuka chetezo cha udongo.

Udi wa huku huitwa unsi. Hupikwa kwa sukari, ubani, sandali na manukato mpaka ugande, kisha humegwa kidogo kidogo juu ya makaa. Mzazi na mtoto hufukizwa asubuhi na jioni kwa siku zote arobaini. Na unsi wa Shamis una jina lake mjini. Maharusi huuagiza miezi kabla, na kuna kitu anachotia mwishoni ambacho hajamwambia hata Hibaq.

Kaltun anakitazama chetezo, kisha anaitazama kompyuta, na hasemi neno. Kukaa kwake kimya kuna hadithi.

Alizaliwa mwaka 1989 katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, Ethiopia. Familia iliporudi Hargeisa, baba yake alifungua kibanda cha kutengeneza redio, na binti akakua akimshikia tochi. Baba aliamini kila mashine iliyokufa ina kitu kimoja kidogo tu kilichoharibika, na kwamba kazi ya fundi ni kutoogopa vile vingine vyote. Kaltun alisomea kompyuta kwa mwaka mmoja na nusu, akaajiriwa kwenye duka la simu, kisha miaka sita iliyopita akaamua kwenda majumbani.

"Niliona wanawake wanaleta mashine dukani wamezifunika kwa shuka kama maiti," anasema na kucheka. "Mle ndani mna picha zao, hawajafunga nywele, mna sherehe za wanawake. Hawataki mwanamume azifungue. Nikasema basi, mimi nitawafuata."

Hutoza dola tano kwa kutazama na kumi ikitengemaa. Mwezi mzuri humpa dola mia mbili na themanini, mwezi mbaya hata mia haifiki, na karibu yote hulipwa kwa simu. Wateja wake humpata kwa kuambiana. Mwanamke mmoja humsifia kwa mwenzake, na yule kwa mwingine.

Ndiyo maana anakumbuka vizuri alivyokosea mwaka wake wa pili. Aliitwa nyumba yenye harusi, akafungua kompyuta, akakuta moshi wa udi umeganda ndani kama lami. Akasema alichokiona, mbele ya wageni, kwamba udi wa mama wa bwana harusi ndio ulioua mashine. Hakuwa na ubaya. Lakini kumwambia mwanamke wa Hargeisa kwamba udi wake umeharibu kitu ni sawa na kumwambia nyumba yake inanuka. Miezi minne hakupigiwa simu na mwanamke yeyote wa mtaa ule.

"Tangu siku hiyo nikawa nasema ni vumbi," anasema. "Vumbi la Hargeisa halina mwenyewe. Hakuna atakayekasirika."

Sasa anachomoa nyaya. Anajaribu kwanza soketi nyingine, kisha waya mwingine, kisha kioo chake kidogo anachotembea nacho, ili asije akalaumu sanduku kwa kosa la jirani yake. Kilio hakibadiliki: kirefu, kimya, kirefu. Kwa Kaltun hiyo ni lugha. Mashine inasema imetafuta kumbukumbu yake ya kufanyia kazi na haikuipata.

Anachuchumaa chini ya meza, anafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, na harufu ya sandali inatoka humo nzito kuliko ya chetezoni. Kila kitu ndani kina utando wa rangi ya asali. Anagusa feni, kidole kinanata. Sukari ya unsi imepanda na moshi, ikavutwa na feni, ikashika, na vumbi likakaa juu yake.

Anang'oa kadi mbili za kumbukumbu, kila moja ndefu kama kiganja. Meno yake ya shaba, yanayotakiwa kung'aa, yamekuwa kahawia. Anayasugua kwa kifutio cha penseli, anayapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, anazirudisha mpaka zilie tiki. Shamis amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Kitufe kinabonyezwa. Taa, feni, na kilio kilekile.

Shamis anageuka na kwenda uani, na kutoka chumbani anasikika akifungua bomba la maji na kulifunga bila kuteka chochote. Hibaq ananong'ona kuuliza kama majina yamepotea.

"Majina hayakai hapa," Kaltun anamjibu, akimwonyesha kadi. "Yanakaa kwenye diski, ile pale chini, na ile imefungwa. Lakini sitakudanganya, dada. Mpaka iwake sijui."

Baadaye anaeleza alichokuwa akiwaza wakati huo. Kompyuta ya mwanafunzi ikifa, mtu mmoja hulia. Hii ilikuwa ya mtaa mzima, na ya kina mama wengi ambao wamekwisha kufa.

Anarudi kwenye maneno ya baba yake na kutafuta kitu kimoja kidogo. Kadi zimesafishwa, bado nyufa zinamokaa kadi. Anatoa mswaki, anauchovya kwenye spiriti, anapiga mswaki nyufa hizo polepole kwa robo saa nzima, akisubiri zikauke, akipuliza kwa kipulizio cha mpira. Kisha anaweka kadi moja tu, tena katika ufa wa tatu ambao haukuwahi kutumika. Anabonyeza.

Mlio mmoja, mfupi. Kioo kinapata rangi.

Hibaq anaita mama yake kwa sauti inayomwamsha mtoto. Shamis anakuja kwa mwendo wake uleule, anavuta kiti, anakaa. Anataka orodha ifunguliwe, na ikifunguka anaanza juu kabisa na kusoma midomo ikicheza, jina la kwanza, la pili, la kumi. Kwenye jina la ishirini na kitu anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ameridhika.

Kisha anauliza ilikuwa nini.

Neno vumbi lilikuwa tayari mdomoni, Kaltun anakiri. Lakini akikaa na vumbi lake, chetezo kitaendelea kufuka hatua mbili kutoka hapo kwa siku nyingine tisa, na mzazi mwingine akija arobaini nyingine. Safari hii zilikuwa kadi. Feni ikinata kabisa, joto litapanda, na diski nayo itaondoka.

"Ni udi, Shangazi," anasema. "Udi mzuri mno. Ni ile sukari yake."

Hibaq anainamia mtoto kana kwamba ameona kitu sikioni mwake. Shamis anamtazama fundi muda mrefu, mtazamo wa mtu aliyezoea kuangalia wenzake wakiwa na maumivu.

"Miaka thelathini nimewaambia wanawake ukweli wakiwa wamelala chali, hawana pa kukimbilia," anasema hatimaye. "Wewe umeniambia nimekaa, na chai nimeshakunywa. Umenihurumia."

Kisha anatoa hukumu. Udi hautoki mle mpaka arobaini itimie. Kompyuta ndiyo itakayohama, iende sebuleni karibu na dirisha. Kaltun anaibeba feni uani kwanza, anaiosha kwa spiriti, anaikausha, anairudisha. Anarudia tena habari ya nakala, ila safari hii anasema haitoki nje: itaingia kwenye flashi moja ndogo, na flashi itakaa kwenye kisanduku cha dhahabu cha Shamis mwenyewe, na ufunguo uko shingoni mwake. Shamis anafikiri, anatikisa kichwa kukubali. Wanakubaliana tarehe ya Kaltun kuja kuikagua mashine na nakala, kila mwezi mara moja.

Kuhusu siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, Kaltun hana pa kutazama. Kambini hakuna aliyeandika. Pasi yake inasema Januari mosi, kama ya mumewe, ya mama yake na ya nusu ya watu anaowajua.

Saa sita kasoro anavaa viatu. Shamis amemsindikiza mpaka kwenye kizingiti, na hapo anamshika kiwiko.

"Umeniambia langu, na mimi nikwambie lako. Usichuchumae tena namna ile. Miezi mingapi, minne?"

Kaltun anatazama barabarani. Ni mitatu na nusu, anajibu, na aliyekuwa akijua ni mumewe peke yake. Wameoana miaka saba. Hawajataka kusema mapema.

"Nani amesema?" anauliza Shamis. "Mimi sijasikia kitu. Nimeona tu."

Kaltun amekubali habari hiyo iandikwe kwa sababu, anasema, gazeti likitoka tumbo litakuwa limeshasema lenyewe. Mpango wake ni kukodi chumba kimoja nyuma ya soko, chenye meza ya juu ili asilazimike kuinama. Atawafundisha wasichana wawili waweze kwenda majumbani atakapokuwa ndani siku zake arobaini. Udi atafukiza, na ameshaagiza wa Shamis. Mashine zitakuwa chumba kingine.

Jambo moja zaidi walilipanga pale kizingitini. Shamis hapokei tena watoto, mikono inatetemeka, lakini ameahidi kumwandika huyu wa Kaltun. Amemwambia Kaltun asisubiri karatasi ya hospitali, ampigie simu saa ileile, hata kama bado anahema.

"Mama yangu anasema nilizaliwa wakati wa mvua," anasema Kaltun akipachika mkoba begani. "Nikimuuliza mvua ipi, hajui. Huyu nataka ajue mpaka dakika."